Wakili wa majeraha na deni la Mau Mau

Katika ngazi ya heshima ya wanasheria, wakili anayeishi kwa kudai fidia za majeraha hukaa chini kabisa. Wakili wa katiba huonekana kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wa makampuni hushauri mabenki na serikali, na wa jinai huitwa shujaa akimnasua mtu kitanzini. Huyu wa majeraha husemwa. Tunamjua kwa sura ya mtu anayewavizia majeruhi wodini na kwenye kaunta za polisi, anayemsainisha mgonjwa karatasi plasta ikiwa bado mbichi mguuni, na ambaye fidia ikitoka, mteja huambulia kidogo kuliko yeye. Sifa hiyo haikuzuka hewani: nchini Kenya kampuni za bima za matatu zimewahi kufilisika, na madai ya ajali za kubuni yakatajwa miongoni mwa sababu. Lakini kuipima fani nzima kwa matapeli wake ni kujinyima kuona jambo kubwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipokiri hadharani kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wake wa kikoloni, na ikakubali kuwalipa maelfu yao, haikusukumwa na azimio la Umoja wa Mataifa wala barua ya rais yeyote wa Afrika. Ilisukumwa na kesi ya majeraha ya mwili. Zana za fani hii inayodharauliwa, yaani kovu, tarehe, cheti cha daktari na hesabu ya ukomo wa muda, ndizo zilizokuwa na makali pale ambapo hoja za kisiasa zilikuwa zimebutuka kwa nusu karne.

Aliyeibeba kesi hiyo ni Martyn Day, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1957, ambaye mwaka 1987 alianzisha kampuni ya mawakili ya Leigh Day jijini London pamoja na Sarah Leigh. Leigh alikuwa bingwa wa kuwatetea wagonjwa walioumizwa kwa uzembe wa madaktari; Day alielekea kwenye mazingira na bidhaa zenye madhara. Ukitaka kumwelewa, usianze na ushindi wake, anza na alivyoshindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliziwakilisha familia zilizoamini kwamba mionzi ya kiwanda cha nyuklia cha Sellafield, kaskazini magharibi mwa Uingereza, iliwapa watoto wao saratani ya damu kupitia kwa baba zao waliofanya kazi kiwandani. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ilisema uhusiano huo haukuthibitika. Kisha akawa miongoni mwa walioongoza kesi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu, takriban 50, dhidi ya kampuni za sigara. Mwaka 1999 kesi hiyo nayo ilianguka, na haikuangushwa na swali la kama sigara inaua. Jaji alikataa tu kuwafungulia mlango wale waliochelewa kudai, na waliobaki wakaondoa madai yao.

Kuchelewa huko ndiko kunakobeba hadithi yote hii, kwa hiyo inafaa kukaa nako kidogo. Sheria ya Ukomo ya Uingereza ya mwaka 1980 humpa aliyeumizwa mwili miaka 3 ya kufungua kesi. Ikipita, mlango umefungwa. Ila kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinampa jaji hiari ya kuufungua tena akiona kwamba haki inataka hivyo: atapima urefu wa ucheleweshaji, sababu zake, na zaidi ya yote kama ushahidi uliobaki bado unaruhusu kesi kusikilizwa kwa haki kwa pande zote mbili. Hiari hiyo haipo kwa aliyenyang'anywa ng'ombe, shamba au nyumba. Ipo kwa jeraha la mwili au kifo tu. Na kwa miaka mingi hata hilo lilikuwa na kasoro ya kushangaza, kwa sababu mahakama zilishika msimamo kwamba kifungu hicho kinawahusu walioumizwa kwa uzembe, si waliopigwa au kubakwa kwa makusudi. Mtu aliyegongwa na gari aliweza kuombewa huruma ya muda, aliyeteswa hakuweza. Kasoro hiyo iliondolewa Januari 2008 na mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, katika kesi ya mwanamke aliyeshambuliwa na mbakaji ambaye miaka mingi baadaye, angali mfungwa, alishinda bahati nasibu ya pauni milioni 7. Mwanamke huyo hakuwa na habari na Kenya. Hata hivyo, uamuzi uliotokana na kesi yake ndio uliomruhusu mzee aliyeteswa kambini mwaka 1957 kusimama mbele ya jaji wa London na kuomba asikilizwe. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Juni 2009, kesi ya Mau Mau, wapiganaji walioupinga ukoloni nchini Kenya, ikafunguliwa.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza kusimama kwa miguu yake. Kudai haki kwa hasira ni kazi ya kila mmoja wetu, na ni kazi njema. Lakini hasira haikufungua mahakama. Aliyeufungua mlango ule ni mtu wa fani iliyokwisha kujigonga kwenye kifungu hichohicho katika kesi ya sigara, iliyojua bawaba zake ziko wapi, na iliyokuwa ikifuatilia maamuzi ya majaji kwa sababu ni chakula chake cha kila siku. Mwanasheria wa haki za binadamu wa majukwaani angeiandika kesi ile kama shauri la ukoloni, na ingetupwa wiki ya kwanza. Wakili wa majeraha aliiandika kama shauri la watu watano walioumizwa miili.

Wala Day hakuingia Kenya kupitia mlango wa historia. Aliingia kupitia mabomu. Kwa miongo kadhaa jeshi la Uingereza limefanya mazoezi katika nyanda za Samburu na Laikipia, na katika maeneo ya Archers Post na Dol Dol wafugaji, wengi wao watoto wachungaji, waliuawa au kukatwa viungo na mabomu yaliyoachwa ardhini bila kulipuka. Hiyo ilikuwa kesi ya uzembe ya kawaida kabisa katika fani yake: mwenye silaha hatari ameiacha mahali ambapo watu hupita. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 233. Kwa mara ya kwanza wengi nchini Kenya waliona kwamba mfugaji wa Dol Dol anaweza kuidai serikali ya London katika mahakama za London na akalipwa.

Kuhusu Mau Mau, kazi ya kwanza haikufanywa na Mwingereza yeyote, na ni lazima isemwe bila kupunguza. Marufuku ambayo mkoloni aliiwekea Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoiondoa. Kwa miaka 40 ya uhuru wapiganaji wale walikuwa kisheria wanachama wa chama haramu, hivyo hata kukutana na kuandika orodha ya waliotendewa nini, wapi na na nani kulikuwa na hatari yake. Marufuku ilipoondoka, umoja wa wapiganaji wa zamani na shirika la kutetea haki la Kenya Human Rights Commission walizunguka vijijini kukusanya maelezo ya walionusurika. Mwaka 2005 vitabu viwili vya historia, cha Caroline Elkins na cha David Anderson, viliiweka wazi mbele ya wasomaji wa Ulaya na Marekani picha ya kambi za kizuizini na ya wale walionyongwa. Bila Wakenya hao na bila watafiti hao, wakili angekuwa na kifungu cha 33 mkononi na hana mdai.

Wadai walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Kuchagua wachache kati ya maelfu ni mbinu ya fani hii: unawatanguliza wale ambao majeraha yao yanaonekana, maelezo yao hayayumbi, na ambao kila mmoja anabeba aina moja ya ukatili. Nzili alihasiwa katika kambi ya Embakasi kwa koleo za kuhasia ng'ombe. Mutua naye alihasiwa. Mara alikuwa msichana wa miaka 15 alipokamatwa kwa kuwapelekea wapiganaji chakula, akaingiliwa kwa chupa iliyotiwa maji ya moto. Nyingi aliwekwa kizuizini miaka 9 bila kufikishwa mahakamani, na tarehe 3 Machi 1959 alikuwa katika kambi ya Hola siku wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa. Yeye alizirai, akatupwa pamoja na maiti. Serikali ya koloni ilitangaza kwanza kwamba wale 11 walikufa kwa maji waliyokunywa. Daktari wa mwaka 2009 hakuhitaji kuamini masimulizi ya mtu ili athibitishe kwamba mwanamume huyu amehasiwa. Mwili ulikuwa shahidi, na shahidi huyo hakuweza kuhojiwa akajikanyaga.

Utetezi wa kwanza wa serikali ya Uingereza ulikuwa kwamba deni, kama lipo, si lake: madhambi ya serikali ya koloni yalirithiwa na serikali ya Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Yaani aliyeteswa na mkoloni akamdai Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa na mkoloni huyohuyo. Jaji McCombe alisikiliza hoja hiyo mwaka 2011 na tarehe 21 Julai akasema wadai wana kesi inayostahili kusikilizwa, kwa sababu London haikukaa mbali ikitazama. Kulikuwa na ushahidi kwamba ilishiriki kuunda mfumo wenyewe. Ushahidi huo ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwenye masanduku yaliyofichwa. Wakati wa kuondoka Kenya, maofisa wa koloni walichoma nyaraka nyingi na nyingine wakazisafirisha kwao. Kesi ilipowabana, Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri mwaka 2011 kwamba katika jengo lake la Hanslope Park, nje ya London, ilikuwa na takriban faili 1,500 za Kenya, na kwamba zilikuwa sehemu ya akiba ya maelfu ya faili kutoka makoloni 37. Wanahistoria walikuwa wamezitafuta kwa miaka bila kuambiwa kwamba zipo. Kilichozitoa ni wajibu wa kawaida wa mdaiwa katika kesi ya madai kuonyesha nyaraka zake, wajibu uleule unaomlazimu mwenye basi kuonyesha rekodi za matengenezo ya breki.

Kati ya maandishi yaliyojulikana katika sakata hili, hakuna linalonata akilini kama barua ya mwaka 1957 ya Eric Griffith-Jones, mwanasheria mkuu wa koloni, kwenda kwa gavana Evelyn Baring. Anaeleza namna wafungwa wakaidi wa kambi za Mwea wanavyoweza kupigwa ndani ya sheria. Kipigo kisielekezwe kwenye bandama, ini wala figo. Anayepiga awe mtulivu, asiwe na ghadhabu. Na kama ni lazima tutende dhambi, aliandika, tuitende kimyakimya. Soma maagizo hayo polepole. Mtu aliyesomea sheria anakaa mezani, anaorodhesha viungo vya mwili wa binadamu mwingine, anavitenga vinavyoacha ushahidi na visivyoacha. Ni kazi ya wakili wa majeraha iliyopinduliwa, na ndiyo maana naona ilikuwa sawa kabisa kwamba aliyekuja kuijibu, miaka 54 baadaye, awe mtu wa fani inayoanza na swali la ni kiungo kipi kiliumia, lini, na kwa amri ya nani.

Julai 2012 wadai watatu waliobaki, Nzili, Nyingi na Mara, walirudi mahakamani. Mutua na Ngondi walikuwa wamefariki. Serikali ya Uingereza haikupinga tena kwamba waliteswa. Ilishikilia muda tu: zaidi ya miaka 50 imepita, maofisa wamekufa, kesi ya haki haiwezekani. Uamuzi ulitoka tarehe 5 Oktoba 2012, na ndani yake kuna jambo ambalo mkoloni hakulitarajia. Jaji aliona kesi ya haki inawezekana kwa sababu utawala ule uliandika mno. Kumbukumbu za vikao, barua kati ya Nairobi na London, ripoti za makamanda, vyote vilikuwepo, na vilijibu maswali ambayo mashahidi marehemu wangeulizwa. Kifungu kilichowafungia wagonjwa wa sigara mwaka 1999 kikawafungulia wazee wa Kenya. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama bungeni, akakiri kwamba Wakenya waliteswa na kutendewa vibaya na utawala wa kikoloni, akaeleza majuto ya serikali yake, na akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za mawakili zikiwa ndani yake. Papo hapo akasisitiza kwamba serikali yake haikubali kuwajibika kisheria. Mnara wa kumbukumbu uliolipiwa na Uingereza ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015.

Sasa wako wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: hiyo ni haki gani? Gawanya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na hata wakili asipochukua senti, hakuna anayefikisha pauni 4,000. Mwanamume aliyehasiwa akiwa kijana amelipwa bei ya gari kuukuu. Sina jibu la kuifanya hesabu hiyo ipendeze, na sidhani lipo. Ninachosema ni kwamba thamani ya kesi ile haikuwa kwenye hundi peke yake. Kabla yake, kauli rasmi iliyokuwepo juu ya Mau Mau ilikuwa ya aliyeshinda vita: magaidi walidhibitiwa, makosa ya hapa na pale yalitendeka. Baada yake, kauli iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge la Uingereza ni kwamba watu waliteswa na utawala. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alizungumzia huzuni na majuto. Radhi kamili hakuomba. Inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kukamua neno moja kutoka kwa dola bila mahakama nyuma yake.

Kuhusu mfuko wa wakili mwenyewe, tuseme ukweli ulivyo. Kesi za namna hii huendeshwa kwa mkataba wa bila ushindi hakuna malipo: kampuni hugharamia tiketi, madaktari, wakalimani na wataalamu kwa miaka, na ikishindwa hupoteza yote. Ikishinda hulipwa vizuri, tena sana. Wapo wanaoona aibu kwamba mtu anufaike kwa mateso ya mwingine. Mimi naona aibu kubwa zaidi ni mteswa kukosa wa kumsemea kwa sababu hana fedha. Mzee wa Murang'a angelipa nini kwa saa moja ya wakili wa London? Na watunga sheria wanalijua hilo. Tangu Aprili 2013 Uingereza imebadili kanuni ili anayeshindwa asibebeshwe tena ujira wa ziada wa ushindi, na kanuni za Ulaya zilizoanza mwaka 2009 zilikwisha kuelekeza fidia ikadiriwe kwa sheria ya mahali jeraha lilipotokea, ambako viwango mara nyingi ni vya chini. Kwa pamoja mabadiliko hayo yamezifanya kesi za wakulima na wafugaji wa Afrika ziwe hasara kwa anayezibeba. Anayefurahia kubanwa kwa mawakili ajiulize ni nani hasa anayepumua.

Pingamizi zito zaidi linahusu uaminifu, na hapo rekodi ya kampuni ya Leigh Day haiko safi tupu. Baada ya kupatikana pauni milioni 30 mwaka 2009 kwa takriban watu 30,000 wa Abidjan waliodai kuathiriwa na taka za meli iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura, sehemu ya fedha ilinyakuliwa nchini Ivory Coast kabla ya kuwafikia maelfu ya waliostahili, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Leigh Day ilikiuka wajibu wake katika namna ilivyozipeleka. Madai ya mamia ya wanawake wa Samburu kwamba walibakwa na askari wa Uingereza yaliishia kwenye uchunguzi wa polisi wa jeshi uliofungwa mwaka 2006 bila askari kushtakiwa, huku nyaraka nyingi za ushahidi zikidaiwa kughushiwa. Na kutokana na kesi za wafungwa wa Iraq, ambako tume ya uchunguzi iliyaona madai mazito kuwa ya uongo, Day na wenzake walifikishwa mbele ya baraza la nidhamu la mawakili; mwaka 2017 waliondolewa makosa yote, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikakataa rufaa. Ninavyosoma mimi, rekodi hiyo haiuvunji utetezi wa fani, inautia masharti. Ufundi uleule wa kuhakiki cheti, tarehe na jina ndio unaomlinda mdai wa kweli. Ukilegezwa, mwongo hupita na wa kweli humfuata nje. Na kazi haiishi hukumu inapotoka, huisha fedha zinapofika mkononi mwa mjane.

Lipo pia pingamizi la wanaosema kwamba fani hii huikata historia vipandevipande. Ni kweli, na ushahidi wake ni mchungu. Kampuni nyingine ya mawakili ilifungua kesi kwa niaba ya Wakenya zaidi ya 40,000, wengi wao watu waliohamishwa kwa nguvu na kufungiwa kwenye vijiji vya dharura, kufanyishwa kazi za lazima na kuishi kwa hofu miaka mingi. Mwaka 2018, baada ya siku zaidi ya 200 za kusikilizwa, ilitupwa. Jaji aliona hofu peke yake si jeraha la mwili, hivyo kifungu cha 33 hakikuwa na la kuwasaidia. Na kwa waliodai majeraha, kumbukumbu zilikuwa zimefifia mno na nyaraka hazikuwataja. Zaidi ya watu milioni moja walipitia vijiji vile. Ardhi waliyopoteza haikuwahi hata kufika kwenye mizani. Mlango wa majeraha ni mwembamba. Mtu mmoja mwenye kovu hupita, taifa zima haliingii. Ila kosa hilo si la aliyeupata mlango. Ni la wale wenye funguo za milango mipana, yaani mabunge na serikali, ambao hadi leo hawajaifungua.

Njia iliyopasuliwa imeendelea kutumika karibu nasi. Mwaka 2013 wanavijiji wa jirani na mgodi wa North Mara, mkoani Mara, waliidai kampuni ya African Barrick Gold jijini London juu ya watu waliouawa na kujeruhiwa kwa risasi, na mwaka 2015 wakaafikiana nje ya mahakama. Mwaka 2021 wadai 79 kutoka mashamba ya Kakuzi nchini Kenya walifikia makubaliano ya pauni milioni 4.6 na kampuni mama ya Uingereza. Zote mbili zilikuwa kesi za miili: risasi, kipigo, ubakaji. Zote zilifunguliwa maelfu ya kilomita kutoka mahali watu walipoumizwa, na hilo linapaswa kutukera kuliko kutufurahisha, kwa kuwa mahakama za Musoma na Murang'a zipo na sheria ya madhara tunayo. Tunachokosa ni mawakili walio tayari kubeba kesi ya maskini kwa miaka mitano bila kulipwa, na utaratibu wa kuwalinda wakifanya hivyo.

Mpaka hayo yapatikane, ukomo wa muda hautamsubiri mtu. Tanzania Bara na Kenya, daawa ya madhara hufa miaka 3 baada ya tukio, na Kenya ukiwa unaidai serikali una miezi 12 tu. Kwa hiyo wewe uliyegongwa, uliyekatwa kidole kiwandani, uliyepigwa na askari au mlinzi wa mgodi: nenda polisi siku hiyohiyo uchukue fomu yako, PF3 kwa Tanzania, P3 kwa Kenya, hakikisha daktari ameijaza kila mahali, baki na nakala, andika tarehe na majina ya walioona, kisha mtafute wakili kabla saa hiyo haijakupita.